Kozi ipi italipa? Jibu kwa binti aliyekubaliwa kozi tatu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimekubaliwa chuo kikuu kwa kozi tatu: sayansi ya kompyuta, uchumi na historia. Alama zangu za historia na lugha ni za juu sana, za hisabati ni nzuri ila si za kung'ara. Baba anasema kompyuta ndiko pesa iliko. Mjomba anasema huko kumeshajaa na akili mnemba itawamaliza waliobaki. Mimi napenda historia, lakini nitasoma kwa mkopo, na nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu wanaonisubiri nimalize niwashike mkono. Sitaki kujidanganya kuhusu pesa. Nichague vipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri kuuliza habari ya pesa bila kuona haya. Vijana wengi wameambiwa kwamba kuuliza kozi gani inalipa ni tamaa, na kwamba mtu akisoma anachokipenda riziki itamfuata yenyewe. Anayesoma kwa mkopo huku wadogo zake wakimtazama hana anasa ya kuliacha jambo hilo lijiamulie. Kwa hiyo nitaanza na kipato, maana ndicho ulichouliza, na mapenzi yako ya historia nitayaingiza pale yanapogusa kipato. Yanakigusa kuliko watu wanavyodhani.

Baba yako ana haki katika jambo moja: kozi hazilipi sawa, na tofauti si ndogo. Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kujua kama tofauti hiyo inatokana na kozi yenyewe au na watu wanaoichagua. Wahandisi wakilipwa vizuri, huenda ni kwa sababu waliingia uhandisi wakiwa tayari na vichwa vya hesabu ambavyo vingewalipa popote. Uchunguzi uliolifungua fundo hilo vizuri zaidi ni wa Norway, uliochapishwa 2016 na Lars Kirkeboen, Edwin Leuven na Magne Mogstad. Norway mwombaji huorodhesha kozi anazozitaka kwa mpangilio, kisha mfumo mmoja wa taifa hugawa nafasi kwa alama. Mstari wa kuingilia ukishakatwa, wanabaki vijana wawili wanaokaribia kulingana kabisa: mmoja kaupita kiduchu akapata chaguo lake la kwanza, mwingine kaukosa kiduchu akaangukia la pili. Ukiwafuatilia miaka kadhaa baadaye, tofauti ya mishahara yao imeletwa na kozi, si na vichwa.

Walikuta kwamba fani zinatofautiana kwelikweli. Aliyesoma sayansi badala ya lugha, historia na masomo ya aina hiyo alipata, katika miaka ya mwanzo ya kazi, karibu mara tatu ya ambacho angepata. Walikuta pia kwamba fani ina uzito kuliko jina la chuo, jambo ambalo wazazi wengi wangefaidika kulijua kabla ya kuuza mali ili mtoto aingie chuo chenye sifa. Na walikuta jambo la tatu, lililozungumzwa kidogo sana nje ya duru za wachumi: faida ya fani ilitegemea mtu angesoma nini kama asingeipata hiyo. Kwa jumla watu walielekea kuchagua fani ambazo wao wenyewe wana uwezo nazo zaidi, na uwezo huo ulionekana kwenye mishahara.

Hilo la tatu ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu linabadilisha swali lako. Baba na mjomba wanabishana kuhusu kompyuta kana kwamba kuna mshahara mmoja unaomsubiri kila atakayeingia humo. Haupo. Upo mshahara wako wewe ukiwa mhitimu wa kompyuta, upo mshahara wako wewe ukiwa mhitimu wa uchumi, na uamuzi wako unasimama kwenye tofauti ya hiyo miwili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na takwimu za fani nzima hazijui za kwako zikoje.

Ukitaka kuona jinsi takwimu za jumla zinavyopotosha, chukua wahitimu kumi wa kozi moja. Tisa kati yao wanapata 40 kila mmoja, wa kumi aliyeanzisha kampuni ikafanikiwa anapata 640. Jumla yao ni 1,000, wastani 100. Tangazo la kozi litaandika 100, na halitakuwa limesema uongo, ingawa hakuna hata mmoja anayepata 100 na tisa kati ya kumi hawafiki hata nusu yake. Kwa hiyo ukipewa takwimu yoyote ya mishahara, uliza ni wastani au ni ya mtu wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu wako chini. Kisha uliza aliye robo ya chini anapata nini, maana huko ndiko utakakokuwa mambo yakienda vibaya, na mtu mwenye mkopo anapaswa kuijua sakafu kabla ya kutazama dari. Uliza pia ni nani waliohesabiwa. Takwimu nyingi huwahesabu waliomaliza na waliopata kazi tu. Walioacha njiani, na wanaotafuta kazi hadi leo, hawamo.

Ndani ya kozi moja, pengo kati ya anayelipwa vizuri na anayelipwa vibaya kwa kawaida ni kubwa kuliko pengo kati ya kozi mbili zinazokaribiana. Mhitimu wa historia aliye juu katika darasa lake anaweza kumpita mhitimu wa kompyuta aliyesukumwa sukumwa hadi akamaliza kwa kupenya.

Lakini usilichukue hilo kama ruhusa ya kukimbia kila kinachokuwia kigumu. Kuna ushahidi wa upande wa pili, na ni mzito. Katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, idara ya uchumi iliweka sharti mwaka 2008: asiyefikisha wastani wa alama 2.8 kati ya 4 katika masomo ya mwanzo ya uchumi haruhusiwi kuendelea nayo. Zachary Bleemer na Aashish Mehta waliwalinganisha waliolipita sharti hilo kwa nukta chache na walioshindwa kwa nukta chache, ambao wengi waliishia kwenye masomo mengine ya sayansi ya jamii. Waliopita walikuja kupata kiasi cha dola 22,000 zaidi kwa mwaka mapema katika kazi zao, sawa na asilimia 46 zaidi. Na hao hawakuwa vinara wa darasa. Walikuwa wa mwisho kabisa kuruhusiwa kuingia, watu ambao ilibaki kidogo tu idara yenyewe iwazuie. Sehemu kubwa ya faida yao ilitoka kwenye sekta walizoingia, hasa za fedha na biashara, ambako shahada ya uchumi iliwafungulia milango ambayo ile nyingine haikuifungua.

Ushahidi huu na ule wa Norway haupingani. Uwezo wako una thamani, na mlango ambao kozi inaufungua una thamani yake pia. Unatafuta mahali ambapo vyote viwili vinakutana, na kwa alama ulizonitajia, "nzuri ila si za kung'ara" katika hisabati, wewe hujafungiwa nje ya kozi zenye hesabu. Hata kidogo. Wengi wanaofundisha hesabu vyuoni watakuambia kwamba mwanafunzi wa kiwango chako aliye tayari kukaa na swali kwa saa mbili hufika mbali kuliko aliyezoea kupata jibu bila jasho.

Sasa suala la muda, ambalo ndilo linalowachanganya watu wengi zaidi. Mshahara wa kwanza unaonekana upesi, kwa hiyo kila mtu hulinganisha huo. David Deming na Kadeem Noray walichunguza wahitimu wa Marekani na kuona kwamba waliosoma fani za teknolojia kama kompyuta na uhandisi huanza na mshahara mkubwa kuliko wenzao, lakini pengo hilo hupungua kwa kasi katika miaka kumi ya mwanzo. Sababu waliyoitoa inaeleweka kwa yeyote aliyefanya kazi hizo: ujuzi unaofundishwa leo unachakaa, lugha za programu zinabadilika, na kila mwaka wanaingia vijana wapya wenye ujuzi mpya zaidi wanaokubali kulipwa kidogo. Wengi huhama kwenda kwenye usimamizi na kazi nyingine ambako mabadiliko ni ya polepole. Wakati huohuo mhitimu wa fani pana, aliyeanza chini, anapanda taratibu kadiri uandishi wake, busara yake na uwezo wake wa kuongoza watu vinavyothibitika.

Zingatia kwamba pengo lile linapungua, halitoweki. Ukijumlisha maisha yote ya kazi, fani za hesabu na teknolojia bado ziko mbele kwa wastani. Ninachokuonya ni kuchukua pengo la mwaka wa kwanza na kulizidisha mara miaka arobaini. Wanaofanya hesabu hiyo huishia kuona tofauti kubwa mno, na kwa hofu yake huwasukuma watoto kwenye kozi watakayoichukia.

Kuna pia kozi ambazo shahada ya kwanza ni nusu ya safari tu. Saikolojia na biolojia ni mifano iliyo wazi: mshahara mzuri unaotajwa huko mara nyingi ni wa mwenye uzamili, uzamivu au leseni. Miaka ya ziada ina gharama mbili, ada na mishahara unayoikosa. Fikiria kozi moja inayokuingiza kazini baada ya miaka mitatu kwa 100 kwa mwaka, na nyingine baada ya miaka sita kwa 120. Wa kwanza ameshapata 300 kabla wa pili hajapokea chochote. Wa pili anamzidi kwa 20 kila mwaka, hivyo atahitaji miaka 15 kazini ili kumfikia, na hapo sijagusa ada wala riba. Ikiwa ziada ni 100 kwa mwaka, anamfikia kwa miaka mitatu na safari ndefu inalipa bila ubishi. Ndiyo sababu siwezi kusema kwa jumla kwamba kusoma muda mrefu ni vizuri au vibaya. Hesabu yenyewe ndiyo inayosema.

Mjomba wako naye nimsikilize. Anasema kompyuta kumejaa. Mwaka 2025 tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani lilitoa takwimu za wahitimu vijana wa Marekani ambazo zilishtua wengi: kati ya waliosoma sayansi ya kompyuta, asilimia 6.1 hawakuwa na kazi, wakati kwa waliosoma historia ya sanaa ilikuwa asilimia 3. Takwimu hiyo ilizungushwa sana mitandaoni, na mjomba anaweza kuitumia kumnyamazisha baba. Lakini takwimu zilezile zinaonyesha kwamba wahitimu wa historia ya sanaa wanaofanya kazi zisizohitaji shahada kabisa ni wengi kwa zaidi ya mara mbili ya wale wa kompyuta, na kwamba wa kompyuta aliyepata kazi analipwa vizuri zaidi kwa mbali. Mmoja anasubiri kazi ya fani yake, mwingine ameshika iliyopatikana. Ukosefu wa kazi peke yake haukuambii nani yuko pazuri.

Kujaa kwenyewe ni jambo la kweli na lina mtindo wake. Mchumi Richard Freeman alilieleza katika miaka ya 1970 kwa mfano wa wahandisi wa Marekani: mishahara ikiwa juu, vijana humiminika kwenye kozi, wanahitimu wote kwa pamoja miaka minne baadaye, soko linafurika, mishahara inashuka, wanaofuata wanaikimbia kozi, na miaka minne baadaye wahandisi wanaadimika tena. Uhandisi wa petroli umepitia hali hiyo hivi karibuni. Katikati ya 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na madarasa ya kozi hiyo yalikuwa yamefurika. Mwanzoni mwa 2016 pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 30, na waliohitimu wakati huo walikuta kampuni zinapunguza watu badala ya kuajiri. Hawakukosea katika uwezo wala bidii. Walichagua kwa kutazama mshahara wa siku waliyojiandikisha, ilhali wao wangeingia sokoni siku nyingine kabisa.

Kwa hiyo kozi inayolia leo kwamba ina pesa inakuambia habari za walioichagua miaka minne au mitano iliyopita. Wewe utahitimu na kundi linaloingia nawe sasa. Simaanishi uikimbie kompyuta kwa sababu watu wameanza kuikimbia, ila ukiona hofu ya sasa usidhani ni hukumu ya milele. Baada ya kampuni nyingi za intaneti kuanguka kati ya 2000 na 2002, wanafunzi waliikimbia kompyuta kwa wingi nchini Marekani. Waliovumilia wakabaki humo walikuja kufanya kazi katika mojawapo ya vipindi vizuri vya fani hiyo.

Na ikitokea umehitimu wakati uchumi umedorora? Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz waliwafuatilia wahitimu wa Kanada waliobahatika vibaya hivyo. Walianza wakipungukiwa kiasi cha asilimia 9 ya mshahara, na pengo likajifunga polepole katika kipindi cha kama miaka kumi. Waliopona haraka walipona kwa kuhama: walikubali kazi ndogo iliyopatikana, wakaendelea kutafuta, wakahamia kwa mwajiri bora. Walioumia zaidi ni waliokuwa na matarajio madogo ya kipato tangu mwanzo. Hilo ni sababu nyingine ya kuwa na ujuzi unaotakiwa na sekta zaidi ya moja.

Kuhusu akili mnemba, nakuomba usichague kozi kwa utabiri wa mtu yeyote, hata awe mtaalamu mkubwa. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hiyo na mtu ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, alisema hadharani kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwani ndani ya miaka mitano hivi mashine zitawazidi. Miaka mitano ikapita, ikapita mingine, na hospitali bado zinawatafuta madaktari hao. Mashine zilijifunza kweli kusoma picha. Ila kazi ya daktari yule haikuwa kusoma picha tu: kuna kuzungumza na daktari mwenzake, kuamua kipimo gani kifuate, kubeba dhamana ya uamuzi. Unapoitazama kazi yoyote, itenganishe katika shughuli zake. Zile za kurudia jambo lilelile kwa kanuni ileile ziko hatarini popote zilipo, kwenye uandishi wa programu, kwenye uhasibu, kwenye tafsiri. Zile za kuamua swali gani liulizwe, kupima kama jibu la mashine lina akili, na kumfanya mtu mwingine aelewe na aamini, zinapanda thamani. Na hapo alama zako za historia na lugha zinaanza kuwa mali.

Sasa nikuombe ufanye kazi moja kabla hujaamua. Tafuta matangazo ya kazi kama ishirini, ya nafasi ambazo ungependa kuzishika ukiwa na miaka thelathini. Usisome cheo, cheo ni jina tu. Soma majukumu na sifa za mwombaji. Nimelichukua tangazo moja la mchambuzi wa sera, nikuonyeshe. Majukumu: kukusanya takwimu za kila robo mwaka, kuzisafisha, kuandaa ripoti fupi kwa ajili ya bodi, kuiwasilisha kwa mdomo na kujibu maswali. Sifa: "shahada ya uchumi, takwimu au fani inayofanana." Uzoefu usiopungua miaka miwili. Maneno "au fani inayofanana" ndiyo ya kupigia mstari. Kuna matangazo yenye "fani inayofanana" na kuna yasiyokuwa nayo, na ukishayapanga ishirini mezani utaona mara moja kozi ipi inatajwa wazi, ipi inaingia kwa mlango huo wa kufanana, na ipi haimo kabisa. Tazama pia kwamba nusu ya majukumu yale, kuandika na kuwasilisha, hayafundishwi sana kwenye uchumi, bali kwenye historia. Na tazama ile miaka miwili ya uzoefu. Inakuambia kwamba mafunzo kwa vitendo ya likizo, hata yale ya posho kiduchu, ni sehemu ya kozi yako hata kama chuo hakiyalazimishi.

Kuna hesabu nyingine ambayo hupaswi kuiruka, ya uwezekano wa kumaliza. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kozi ya kwanza inakulipa 150 ukimaliza, ila una nafasi ya asilimia 60 tu ya kumaliza kwa sababu huipendi na inakuchosha. Usipomaliza unapata 60. Matarajio yako ni 90 na 24, jumla 114. Kozi ya pili inalipa 120, na una nafasi ya asilimia 90 ya kumaliza: 108 na 6, jumla ileile 114. Kwenye tangazo la kwanza uliona 150 dhidi ya 120, kumbe kwako zimelingana. Kisha weka mkopo juu yake, maana mkopo hulipwa na aliyemaliza na aliyeacha sawasawa, na ile ya kwanza inakuwa mbaya zaidi. Mtu hapimi mapenzi yake kwa kozi ili ajifurahishe. Anayapima kwa sababu kozi usiyoipenda inataka miaka minne ya kuamka alfajiri, na wengi hushindwa hapo, wala si kwenye akili. Ndivyo mapenzi yanavyoingia kwenye hesabu ya pesa.

Basi tuje kwenye kozi zako. Historia peke yake, kwa hali uliyonieleza, nisingekushauri. Ni fani nzuri na inafundisha kusoma ushahidi na kuandika kwa hoja kuliko nyingi, lakini safari yake ya kufika kwenye kipato kizuri ni ndefu na haina alama za njia, na hupitia mara nyingi shahada ya pili. Mwenye muda na mtu wa kumbeba miaka ya mwanzo anaweza kuisafiri. Wewe una wadogo watatu, na mkopo wako hautasubiri.

Kompyuta usiikatae kwa kuisikia. Hukusema unaipenda, lakini pia hukusema umewahi kuandika programu. Kuna masomo ya bure ya mwanzo mtandaoni. Jipe mwezi mmoja, kila siku saa moja, na utazame jambo moja tu: programu ikikataa kufanya kazi, unapata hamu ya kujua kosa liko wapi, au unapata kichefuchefu? Kazi nzima ya fani ile ni kukaa na makosa. Ukipata hamu, baba yako ameshinda na mimi nitafurahi. Ukichoka mwezi huo, miaka minne haitakuwa bora.

Kama hutaupata mwezi huo au matokeo yake ni ya katikati, mimi ningechukua uchumi, na ningeuchukua kwa namna fulani maalumu. Uchumi una sura mbili chuoni. Kuna wa kukariri nadharia na kuchora mistari ya ugavi na mahitaji, na kuna wa takwimu: hisabati, ekonometriki (yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), matumizi ya programu za kuchambua data. Cheti kinaweza kuwa na jina lilelile, lakini mwajiri akiuliza "unaweza kufanya nini" wahitimu hao wawili hawafanani. Wewe chukua kila somo la takwimu utakaloruhusiwa, hata likikushushia wastani kidogo, halafu nafasi za masomo ya hiari zijaze historia, hasa historia ya uchumi kama ipo. Mchanganyiko wa mtu anayeijua data na anayeandika ukurasa mmoja ukaeleweka ni adimu, nawe utaupata kwa kutumia vipaji vyako badala ya kuvizika.

Mambo mawili ya kuuliza ofisi ya usajili kabla hujathibitisha nafasi. La kwanza ni kuhusu mkopo: kwa mshahara wa yule wa robo ya chini katika kozi yako, makato ya kila mwezi yatakuwa kiasi gani, na kitakachobaki kitakutosha wewe kuishi na kumsaidia angalau mdogo mmoja? Jibu likiwa hapana, tafuta chuo cha bei nafuu zaidi cha kozi hiyohiyo. Umeona Norway inavyosema kuhusu jina la chuo.

La pili ni kuhusu kuhama. Uliza kama mwishoni mwa mwaka wa kwanza mwanafunzi wa uchumi anaweza kuhamia kompyuta au historia, kwa masharti gani, na masomo yapi atahesabiwa. Kwa kawaida anayetoka kwenye kozi yenye hisabati huhamia isiyo na hisabati bila taabu kubwa, wakati anayetaka kwenda kinyume huambiwa aanze upya. Ukianzia uchumi, milango ya kozi nyingine mbili huenda ikabaki wazi kwa mwaka mzima. Ukianzia historia, mmoja wao, ule wa kompyuta, huenda ukafungwa muhula wa kwanza tu. Omba jibu hilo kwa maandishi, kisha mwonyeshe baba pamoja na yale matangazo ishirini.